Kesi ya Mwanamume wa Chumbani

Baba mkubwa akifa nitaenda kumzika, lakini chozi halitanitoka. Alimfanyia mama yangu kesi nyumbani kwetu Mikindani, na mgonjwa ndiye akawa shahidi wake.

Mgonjwa mwenyewe ni baba. Aliendesha lori la mafuta kutoka Changamwe mpaka ugonjwa wa Parkinson ukamtia mtetemeko, hata usukani ukamshinda. Baada ya miaka akaanza kuona vitu: kwanza paka sakafuni, kisha mwanamume kakaa kitandani na mama. Daktari alituambia ugonjwa huo huleta maono, na dawa zake nazo huyachochea. Nikampigia baba mkubwa simu, nikamweleza polepole kama ninayemfundisha mtoto wa chekechea.

"Kinachomtetemeka ndugu yangu ni mkono," akanijibu. "Macho yake mazima."

Jumamosi akaja na wazee wawili wa ukoo. Chai ya mama walikunywa, mahamri wakayafagia, ndipo wakamwambia akae ajibu. Akionekana ana makosa, arudishwe kwao. Ajuza wa miaka sitini na tatu! Mwanamke anayemwogesha mumewe na kumlisha uji kwa kijiko, nafasi ya hawara angeitoa wapi? Nilisema hivyo hivyo. Nikaambiwa ninyamaze, wakubwa wanazungumza.

"Ndugu yangu, huyo mtu umemwona?" baba mkubwa akamuuliza baba.

"Nimemwona," baba akasema. Akanyoosha kidole kuelekea chumbani. "Yumo humo hata sasa. Kavaa shati jeupe."

Baba mkubwa akainuka, bakora mkononi, akalivuta pazia la mlango. Kitanda, ndoo, nepi za baba. Akainama kutazama uvunguni. Hamna mtu. Ungedhani ataona haya? Thubutu! Eti katorokea dirishani. Na dirisha lenyewe lina vyuma!

Nikacheka kwa hasira, nikamgeukia mama ili tucheke pamoja. Mama hakuwa na habari na baba mkubwa. Alikuwa akinitazama mimi.

"Na wewe," akaniuliza, "uliinuka kuchungulia nini?"

Ndipo nikajiona nilipo: nimesimama mlangoni, nyuma ya baba mkubwa, pazia nimelishika kwa mkono wangu.