Kidonge cha Mtoto wa Mama Mdogo

Niseme ukweli kwanza: mtoto wa mama mdogo nilimwonea wivu tangu tukichunga mbuzi, wala sikuona haya. Ni mdogo kwangu kwa miezi mitatu, lakini ukimsikiliza bibi yetu ungedhani yeye ndiye aliyeupandisha Mlima Meru. Shule ya sekondari tuliingia pamoja. Yeye akakaa dawati la mbele, mimi nyuma. Unaona?

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Mwalimu wetu wa sayansi, Mzungu mwembamba aliyekunywa chai bila sukari, alitangaza kuwa anahamia maabara ya serikali ya kupima madini, na atamchukua mmoja wetu awe msaidizi wake. Mmoja tu! Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote, maana nyumbani kihamba chote, shamba letu la ukoo, walishagawiwa kaka zangu.

Alitueleza kwamba kwao madini ya urani huchomwa mpaka yawe vidonge vigumu kama vigae, na ndani yake joto huzaliwa lenyewe. Kazi ni kulitoa. Chembe za kidonge zimejipanga kwa safu, kila moja ikitikisika inaitikisa jirani yake, na joto husafiri hivyo. Safu ikiwa na pengo, au chembe ikikaa mahali si pake, joto linakwama na kidonge kinaungua katikati.

"Mwalimu, pengo lenyewe linaonekana kwa macho?" akauliza huyo mtoto wa mama mdogo.

Mwalimu alifurahi mno. Roho iliniuma, maana swali hilo nilikuwa nalo mimi mdomoni.

Urani hatukuwa nayo. Kila mtu akaambiwa afinyange kidonge cha udongo wa mtoni, kule Kijenge, kisha vichomwe tanuruni. Ambaye kidonge chake kingepitisha joto haraka kuliko vyote ndiye angeondoka na Mwalimu.

Sasa, mama yangu alizoea kuchanganya maganda ya kahawa kwenye udongo wa jiko, ili ukuta wa nje usimchome mtu. Maganda yanaungua, yanaacha vitundu, joto linabaki ndani. Wenzangu walipokwenda kula, nilichukua kidonge kibichi cha mtoto wa mama mdogo, nikakikanda upya na konzi ya maganda yaliyotwangwa, nikakirudishia umbo lake.

Siku ya kupima, vidonge vilipangwa juu ya bati la moto, kila kimoja na tone la nta juu yake. Nta yangu iliyeyuka ya kwanza. Ya kwake ilikaa tu, imenuna. Nimeshinda, jamani! Mwalimu akakishika kidonge kile kwa koleo.

"Nani ataniambia kwa nini hiki kimekataa?"

Ningenyamaza tu, kazi ilikuwa yangu. Lakini nilimwona mtoto wa mama mdogo anafumbua mdomo, na hata hilo sikuweza kumwachia. Nikaruka juu: "Kina vitundu, Mwalimu! Maganda ya kahawa yameungua ndani. Joto likifika kwenye tundu halina wa kulipokea, kama akina mama wanaopokezana vikapu shambani, mmoja akitoka kwenye mstari!"

Mwalimu akakipasua kwa nyundo. Vitundu tele. Akaniangalia.

"Umejuaje kuwa ni maganda ya kahawa?"

Darasa zima likanigeukia. Ndipo mtoto wa mama mdogo akasimama.

"Niliyaweka mimi, Mwalimu. Nilitaka kuona pengo linafanya nini. Kaka alinisaidia kukanda."

Mwalimu akacheka, akampiga begani, akasema huyo ndiye mtu wa maabara. Ningesema nini? Kwamba si yeye, ni mimi niliyemharibia?

Jumatatu aliondoka na lori. Tulipoagana alininong'oneza, "Kaka, bibi sitamwambia."

Hakumwambia, wala mtu mwingine yeyote. Kazi ile nilishamsamehe zamani. Kinachoniuma mpaka leo, na uzee wangu huu, ni jinsi alivyosimama upesi vile, bila hata kufikiri. Mimi nisingesimama.