Nyumba ya Viroba Msimbati

Miaka ya tisini, mume wangu alipovuka Ruvuma kwenda kutafuta kazi Msumbiji, alituacha mimi na mama yake katika nyumba ambayo nguzo zake zilikuwa zimeliwa na mchwa. Mwalimu mmoja wa shule ya kijiji, mgeni kutoka bara, akanionyesha picha ya nyumba iliyojengwa kwa viroba vilivyojazwa udongo. Nikampelekea mama mkwe. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Haina mti wa kuliwa," akasema. "Tuanze."

Tulianza vibaya. Tulijaza mchanga mtupu wa pwani mpaka viroba vikavimba, tukavipanga hivyo hivyo. Ukuta ulipofika magotini ukateleza, ukalala chini. Mama mkwe aliketi juu ya kifusi akacheka. Mimi nililia, maana nilikwisha kujiona nikimfungulia mume wangu mlango.

"Mchanga haushikani, mwanangu. Twende tukachimbe kichuguu."

Tukachanganya udongo wa kichuguu na mchanga, tukaunyunyizia maji mpaka ukiukamata konzi unashikana. Viroba tukaacha kuvijaza hadi mdomoni. Tulivikunja midomo, tukavilaza, tukavishindilia kwa gogo. Kati ya safu na safu tulitandika seng'enge ili visiteleze. Mama mkwe alishindilia huku akiimba Kimakonde kwa sauti ndogo, na kila kiroba alichokimaliza alikipiga kofi jepesi, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Jioni tulikaa ndani ya kuta zisizo na paa, tukila muhogo na kubishana kitanda cha mwanawe kitakaa upande gani.

Mama mkwe hakuwahi kulala humo. Homa ilimchukua kabla hatujaezeka.

Mume wangu alirudi baada ya mvua, habari za msiba zikiwa zimemfikia. Alizunguka nyumba, akiipapasa.

"Nani kajenga?"

"Mimi na mama."

"Yeye alijenga upande gani?"

Nikamwonyesha ukuta unaotazama baharini. Akaegemeza paji la uso pale. Nikamwacha.

Tuliezeka pamoja, tukakandika kuta udongo kabla jua halijaviozesha viroba, tukazaa na kulea humo. Siku hizi nakaa mjini, Chuno, kwa binti yangu, katika nyumba ya tofali za saruji. Binti huniuliza kama naikumbuka Msimbati. Namjibu naikumbuka. Simwambii kwamba mchana, kila mtu akiwa kazini, nawaza tungali tunajenga, na mama mkwe ananiita nimletee maji ya kulowesha udongo.