Uso wa Obadia

"Tulizika sanduku." Ndivyo Bibi Stumai wa Kongwa alivyomjibu kila aliyekwenda kumpa pole, na wachungaji waliojaribu kumtuliza waliondoka wamemaliza chai bila kumaliza hoja. Mwanawe Obadia, mwanajeshi, alikwenda kulinda amani nchi jirani. Akarudi kwenye jeneza lenye bendera juu yake na amri: lisifunguliwe. Hotuba zilikuwepo, tena ndefu. Uso haukuwepo. Na kwetu hujamzika mtu kama hujamuaga.

Kijiji hakikukosa wataalamu. Wakanong'ona kwamba ndani mlikuwa na mgomba. Mgomba, Kongwa! Mahali ambapo hata ndizi hufika kwa lori zikiwa hoi kuliko utingo. Lakini mama aliyenyimwa uso hachagui uvumi. Bibi Stumai aliendelea kufua mashuka ya kitanda cha mwanawe, na kila Scolastika alipokwenda kumjulia hali, swali lilikuwa lile lile.

"Mwanangu, mume wako kapiga simu?"

Scolastika, mjane wa Obadia, ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja huku Nzuguni. Yeye alijua mumewe kafa. Lakini angeombolezaje peke yake, wakati mama mkwe anamsubiri marehemu aje kula?

Mwaka jana mtu mmoja alimbishia hodi. Alikuwa Msafiri, Mrangi wa Kondoa, aliyekuwa mpiga picha wa kikosi cha Obadia. Siku hizi ana kibanda Majengo, anapiga picha za harusi na vipaimara, na kuwaamuru mabwana harusi watabasamu hata kama hawaoni sababu.

"Shemeji, ninayo picha ya Obadia," alisema. "Ya mwisho."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa ametoka kukata roho."

"Na wewe ukatoa kamera."

Mlango ukafungwa. Msafiri akaondoka na picha yake ndani ya bahasha.

Mwaka huu, kwenye vitini vya kidato cha nne, Scolastika akakutana na shairi la mpiga picha vitani. Msemaji wa shairi anamkuta majeruhi barabarani:

*Midomo ikakauka, nikasogeza kamera,*
*Na maji alipotaka, nikampa mwanga bora.*

Swali lilisema: "Kwa hoja nne, thibitisha kuwa mpiga picha hana utu." Hukumu ilikuwa imeshatoka, mwanafunzi aliombwa kuichapa tu. Darasa likaifanya kazi hiyo kwa furaha kubwa. Mmoja akasema jamaa ni katili. Mwingine akasema ni mbinafsi, anatafuta umaarufu. Wa tatu akasema ni mfuasi wa ubepari, maana jibu hilo huwa halikosi alama. Scolastika alikuwa akiandika ubaoni kwa nguvu, chaki ikikatika, kila hoja akiiona inabisha hodi mlangoni kwake.

Naima, msichana wa dawati la nyuma, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hayo maji, nani katuambia kwamba aliombwa?"

"Mpiga picha mwenyewe."

"Sasa mtu asiye na utu angejisema? Angenyamaza tu, nani angejua? Huyu kabeba aibu yake mpaka kwetu ili yule mtu asife barabarani bila kuonwa."

"Hiyo haimo kwenye mwongozo!" wenzake wakapiga kelele.

Haikuwemo, kweli. Scolastika aliweka chaki chini, akatoka nje, akampigia Msafiri simu.

"Shemeji, nisamehe. Ile picha bado unayo?"

"Ninayo."

"Usinionyeshe mimi. Twende kwa mama."

Jumamosi walikuwa Kongwa. Msafiri akatoa shikamoo, akaeleza alikotoka, akampa Bibi Stumai bahasha kwa mikono miwili. Bibi akaisogeza picha penye mwanga wa mlango. Kuku akaingia ndani na hakuna aliyemfukuza.

"Hili kovu la nyusi," alisema polepole, "alipigwa teke na ndama." Kidole chake kikateremka. "Na mkono huu uliomshika kidevu, wa nani?"

"Wangu, mama. Kinywa kilibaki wazi. Nikamshika mpaka kikafunga. Mkono wa pili ndio uliopiga picha."

"Kwa nini ulipiga?"

"Nilijua hamtafunguliwa jeneza."

Bibi Stumai akampa Scolastika picha. Scolastika akamtazama mumewe, uso uliotulia, vumbi kwenye kope, akakaa sakafuni kama mtu aliyetuliwa mzigo vibaya. Hapo ndipo mama alipolia. Kilio kile kilichongoja miaka kikatoka chote, na majirani wakaja mbio, mmoja bado ameshika mwiko.

"Nani kafa? Bibi, nani kafa?"

"Obadia. Mwanangu Obadia amefariki."

Mzee mmoja mwenye kumbukumbu nzuri alifungua kinywa kusema kwamba huyo si alishafariki zamani. Mkewe akamkanyaga mguu, naye akapata busara ghafla. Kanga zikafungwa viunoni. Mkeka ukatandikwa. Wanaume wakaanza kukaa nje, na Msafiri akainuka aende kukaa pembeni, upande wa wageni.

"Wewe," Bibi Stumai akamwita katikati ya machozi, "huko unakwenda wapi? Njoo ukae hapa, na wafiwa."