Bastola ya Babu Ndani ya Sufuria

Hadi leo nikinusa mafuta ya cherehani hutoka nje mbio. Fundi wangu wa nguo huniuliza kama naumwa. Baba alitumia mafuta hayohayo kusafisha bastola aliyorithi kwa babu, askari wa zamani wa jeshi la kikoloni kule Kongo. Iliingiaje Brussels, tulikohamia, msiniulize. Nilikuwa na miaka tisa, na mambo ya wakubwa niliyasikilizia mlangoni.

Asubuhi moja ya likizo, miaka ya tisini, baba akiwa bado amelala, mama aliizungushia bastola taulo, akaitia ndani ya sufuria kubwa, akafunika na kufunga yote kwa kitenge.

"Tunaenda kuuzisha hii," alininong'oneza. "Usiambie papa yako."

Alinichukua kwa sababu Kifaransa changu kilinyooka kuliko chake. Kwa desturi yetu silaha ya marehemu ni ya mwanawe wa kwanza, mke haigusi. Lakini mimi niliogopa polisi. Hatukuwa bado na karatasi za kukaa Ubelgiji, na nilijua wakitukamata tutarudishwa wote, hata mdogo wangu aliyezaliwa hukuhuku.

Ndani ya basi kutoka mtaani kwetu Evere kila aliyevaa kofia nilimwona polisi. Ghafla akapanda Maman Odette wa kanisani kwetu. Sasa, kwetu mwanamke akionekana na sufuria iliyofungwa kitenge, huyo anapeleka chakula kwenye matanga. Maman Odette akashika kifua.

"Maman Fifi, Mungu wangu! Ni nani alikufa?"

Mama akasita. Kumsingizia mtu kifo ni kumchuria. "Papa ya bwana yangu," akasema mwishowe. Hakudanganya, ila babu alikuwa na mwaka mzima kaburini.

"Bon, tunaenda wote. Leta, nikusaidie kubeba."

Akaivuta sufuria. Ndani yake taulo lilikuwa limelegea, chuma kikagonga chuma, na mimi nikaona basi zima limegeuka. Mkojo ulinichuruzika kidogo, siwafichi.

"Ni mifupa," nikaropoka. "Ya ng'ombe."

Maman Odette akanipapasa kichwa, akaangua kilio cha msiba palepale kwenye kiti. Alipoinama kutafuta leso, mama akanyakua sufuria na mkono wangu, tukaruka chini kituo kisicho chetu, mlango ukafungwa nyuma yetu.

Mwenye duka la vitu vya kale vya kijeshi, Mbelgiji mzee mwenye kikohozi, aliigeuzageuza bastola, akataja bei. Mama yangu, ambaye sokoni hugombea fungu la mboga za lengalenga mpaka muuzaji aombe maji, alikubali "Oui, oui, monsieur" kabla sijafungua mdomo kutafsiri. Hakuzihesabu hata noti, akanivuta mlangoni. Nikadhani anaogopa polisi kama mimi.

Kurudi, alipanda ngazi akikimbia. Aliita kutoka mlangoni, "Papa Fifi?" Baba alipoitikia jikoni, mama aliketi sakafuni na sufuria yake, akalia.

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima. Majira yale baba alikuwa amepoteza kazi. Hakuwa akila, hakuwa akisema, na kila jioni aliisafisha bastola ile, mtu asiye na adui hata mmoja Ubelgiji nzima. Aliishi miaka mingi baada ya siku hiyo, akawabeba wajukuu, na hakuuliza hata mara moja bastola ya baba yake imekwenda wapi.