Mama Takwimu na Hesabu ya Waliolala Nje

Mama Takwimu hakuwa mtu wa kubahatisha. Jina hilo alipewa ofisini kwa utani, kwa sababu hata chai ikiletwa, alitazama kwanza kama vikombe vinatosha watu ndipo akanyoosha mkono. Kwa hiyo mkoa ulipoamua kuwahesabu watu wasio na makazi, hakuna aliyeuliza kazi apewe nani. Alikabidhiwa gari bovu, vijana wa kuhesabu na ramani ya miji yote ya mkoa, akaambiwa mratibu ni yeye.

Aliifurahia kazi ile, tena kimoyomoyo, maana ilikuwa na mtu wake ndani. Mdogo wake wa tumbo moja, fundi baiskeli ambaye mji mzima ulimwita Spoku, alikuwa akilala kwenye baraza ya duka la vifaa vya ujenzi nyuma ya soko. Banda lake la ufundi lilibomolewa barabara ilipopanuliwa, mke akaondoka, na pombe ikaingia kwa mlango uleule mke aliotokea. Mama Takwimu alitaka kumchukua nyumbani kwake. Mumewe akakataa katakata: vyumba viwili, watoto wanne, halafu shemeji mlevi? Mama yao mzazi, aliyekuwa akiishi humohumo kwa mkwewe, alinyamaza. Angesema nini, naye mwenyewe amehifadhiwa?

Sasa mkoa ulikuwa umeahidi kwamba mji utakaoonekana una watu wengi wanaolala nje utajengewa nyumba ya kuwapokea. Kitanda kimoja humo ndicho alichokitaka Mama Takwimu. Asubuhi moja alipompelekea Spoku chai, alimsihi siku ya hesabu asiende popote, ajilaze palepale mpaka waje. Spoku akacheka, akasema tangu azaliwe hajawahi kuombwa na serikali alale.

Mama Takwimu aliipanga hesabu ile kama mtu anayemwoza mwanawe wa kwanza. Alikwenda mwenyewe kwenye vituo vya mabasi, chini ya madaraja, kwenye majengo yaliyoishia njiani, akakaa chini na wanaolala huko na kuwaapia kwamba hakuna atakayekamatwa. Wengi walimwamini, maana alikuwa na uso wa kuaminika. Vijana wake aliwafundisha waanze alfajiri kabla maduka hayajafunguliwa, wasimmulike mtu usoni, wala wasimwandike mtu wa kusimuliwa. Uliyemwona kwa macho yako ndiye umwandike, basi.

Likabaki jambo moja la adabu. Katika kazi za umma huingii mji wa mwenzako bila kupiga hodi. Basi akamwandikia barua mkurugenzi wa kila mji, akamjulisha siku na saa ya hesabu, akaomba ushirikiano. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini wahenga hawakuwahi kuajiriwa ofisini. Hakuna aliyemuuliza kwa nini ametaja tarehe, naye hakujiuliza. Wakurugenzi wote walijibu upesi, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtia mtu wasiwasi.

Alfajiri ilipofika alijipangia mwenyewe eneo la soko. Baraza ya duka ilikuwa imefagiliwa na kumwagiwa maji, sakafu bado mbichi. Spoku hayupo, gunia lake halipo. Kituo cha mabasi kilikuwa kitupu. Chini ya daraja alikuta majivu na kandambili moja. Simu zikaanza kuingia kutoka miji mingine: mama, huku hakuna mtu, mama, tumezunguka kote. Akakaa kwenye ngazi za duka.

Mlinzi wa duka ndiye aliyemweleza. Jana yake jioni lilikuja lori la mji. Walisema wageni wa mkoa wanakuja, lazima mji uonekane safi. Watu wakapakiwa, wakavushwa mpaka wa mkoa, wakamwagwa huko barabarani.

"Yule fundi baiskeli aligoma kupanda," mlinzi akasema. "Aliwaambia dada yake kamwagiza asitoke hapa, atakuja kumhesabu. Wakamburuta."

Mama Takwimu akampigia simu mkurugenzi wa mji. Mkurugenzi akamshukuru sana kwa kuwataarifu mapema. Mama Takwimu akaomba ofisini kwake aende na gari akawatafute, akajibiwa kwamba gari ni la hesabu, na hesabu haivuki mpaka. Alipotaka jina la Spoku liandikwe, kijana wake mmoja akamuuliza kwa upole, "Kwani mama umemwona?" Mkuu wake wa kazi alipopokea jumla alitabasamu, akasema mkoa umefanya vizuri, tatizo ni dogo kuliko walivyohofia, na habari ya kujenga nyumba ikaishia hapo. Mama Takwimu alitia sahihi. Angefanya nini?

Alipanda basi kwa nauli yake, akavuka mpaka, akashinda akitembea kando ya barabara na kuuliza kila aliyekutana naye. Aliambiwa watu walionekana, wakatawanyika, huyu huku na yule kule. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Jioni akarudi mikono mitupu.

Mama yake alikuwa akimsubiri mlangoni. Mama Takwimu akamsimulia yote bila kuficha, lori na barua pia, huku analia kama mtoto aliyechapwa. Bibi yule alisikiliza mpaka mwisho. Hakumgombeza. Alimfuta machozi kwa ncha ya khanga yake, akasema polepole:

"Mwanangu, ungemwacha tu. Pale barazani nilikuwa najua alipo."