Riksho ya Baba na Kesi za Mtani

Mtu humkasirikiaje mtani wake? Nilimuuliza mama, nikamuuliza na katekista, na wote wawili waliniambia nina maswali mengi mno kwa mtoto wa kike.

Ilikuwa Tabora, enzi za Mwingereza. Baba alikuwa na riksho ya kukanyaga, baiskeli ya magurudumu matatu yenye kiti cha abiria nyuma, iliyoungwa na fundi wa mtaa wa Ng'ambo. Leseni ya kupakia abiria wa treni alipewa bomani. Pale kituoni palikuwa na mwenye riksho mbili, mtu wa kanzu na Kiswahili cha pwani, aliyejitambulisha kuwa Mzaramo. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu siku za misafara. Mtani hukutukana mbele za watu, hukunyang'anya hata jembe msibani, nawe wacheka.

Kwa hiyo alipomshitaki baba, baba alicheka.

Shitaka la kwanza lilidai kuwa leseni ile aliahidiwa yeye. Mahakama ikaamuru riksho ya baba isitoke mpaka kesi isikilizwe. Siku ya kusikilizwa ilipofika, mtani akaifuta kesi, na kabla ya jua kutua akafungua nyingine: eti kiti kilikuwa chembamba, abiria wangeanguka. Akaifuta na hiyo. Iliyofuata ilihusu kengele. Kila kesi ilikuja na zuio lake, na riksho zake mbili zikaendelea kupakia.

Siku moja nilifuatana na baba mahakamani.

“Mnyamwezi!” mtani alipaza sauti barazani. “Babu yako alibeba pembe kichwani mpaka kwetu, wewe leo wataka kutembea umekaa?”

“Na babu yako alimpokea kwa njaa,” baba akajibu. “Nyamaza, mla nazi wewe!”

Watu wakacheka, hata karani. Ndani, hakimu alimuuliza baba kama ana malalamiko yoyote juu ya kesi hizi zisizokwisha.

“Sina, bwana. Huyu ni mtani wangu.”

Nilitamani kupiga kelele. Nyumbani mama alisema kwa niaba yangu: “Baba watoto, mtani akichukua jembe, ukimpa chochote hulirudisha. Huyu amekurudishia nini?”

“Nikimkasirikia, watu wataniona mtu gani?”

Mwaka ukaisha, na leseni ikaisha nao. Bomani walikataa kumpa nyingine kwa kuwa kesi ilikuwa bado. Baba akang'oa magurudumu, akayauza, akaenda Usoke kufanya kibarua kwenye tumbaku. Kuku wakataga kwenye kile kiti. Miezi ya kwanza alikuja kutuona, kisha akaacha kabisa, hata Krismasi. Mama ndiye aliyepanda treni kumfuata. Kazi nyingi, baba alimwambia.

Chuo kikuu nilikuta sheria inalo jina la mchezo ule: kutumia mahakama kwa hila. Nilifurahi siku moja, halafu furaha ikaniisha. Jina lile halikueleza kwa nini baba alinyamaza, wala kwa nini hakurudi.

Baba alifia Usoke. Msibani nilimuuliza bibi jirani kama yule Mzaramo wa kituoni Tabora alikuwa amepata habari.

“Mzaramo yupi, mjukuu wangu? Yule amezaliwa hapahapa Usoke, nyuma ya stesheni. Alikwenda pwani kijana, akarudi na kanzu. Mnyamwezi kama sisi. Tulimwambia baba yako mwaka uleule alipohamia. Tangu siku ile hakukanyaga tena Tabora.”