Bushi ya Nailoni na Unga wa Mwali

Mpaka leo nikisikia mashine ya kusaga ikiwashwa, uso unaniwaka moto, na nikimaliza kusimulia mtajua kwa nini.

Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Nandagala na shahada yangu ya uhandisi, nikakuta mashine ya shangazi Zuhura inagonga. Tatizo lilikuwa bushi, kile kipande cha duara ambacho shafti huzungukia ndani yake. Ilikuwa ya shaba, imelika. Mtu mwingine angechongesha nyingine ya shaba, yakaisha. Mimi niliiwaza mpaka chai ikapoa, nikaamua iwe ya nailoni, kwa sababu ni nyepesi, haina kelele, haitaki mafuta mengi, na (nisiwadanganye) nilitaka watu waone kwamba nimesoma. Nikaenda karakana moja Nachingwea mjini, fundi akaikereza nailoni ikitoa nyuzi ndefu nyeupe, nami nimemsimamia, "Ibane kabisa, shafti isicheze hata kidogo," maana niliogopa mno kuonekana nimeleta kitu kilicholegea.

Siku ya kuifunga, binti wa Mama Salima alikuwa anatoka unyagoni kesho yake. Mahindi ya ugali wa wageni, yaliyokwisha kukobolewa na kulowekwa, yalijaa ndoo kwa ndoo, na akina mama walikuwa wanaimba. Nikawasha. Jamani, mashine ikazunguka kwa utulivu mpaka shangazi akapiga kigelegele, nami nikasimama juu ya benchi kuwaeleza nailoni ni kitu gani.

Nailoni ikipata joto hutanuka. (Swali hilo lilikuja kwenye mtihani na nililipata.) Bushi ikavimba, ikaing'ang'ania shafti, mkanda unaotoka kwenye injini ukaanza kulia na kutoa moshi, nikaruka chini nikijiuliza nizime injini kwanza au niwaondoe watu kwanza, na wakati najiuliza mkanda ukachomoka, ukauchapa ule mfuko mrefu wa kitambaa unaopokea unga, mfuko ukapasuka, na sote tukawa weupe mpaka kope.

Mama Salima akajifuta macho.

"Injinia, mwanangu anatoka kesho. Wageni niwape nini, nailoni?"

"Samahani sana, mama, ni ule mtanuko wa..."

"Acha mtanuko wako! Shika mchi!"

Vinu vikatolewa nyumba hadi nyumba. Kwetu mwanaume kutwanga ni kichekesho tosha, sasa fikirieni mwanaume mweupe kama mzuka, anakosa mdundo, anagonga ukingo wa kinu, na kijiji kizima kimekuja kuona.

"Jamani, na huyu kesho tumtoe!" mmoja akapaza sauti. "Mwali wa pili huyo!"

Wakanitungia wimbo papo hapo. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Lakini unga ukatosha, binti akatoka, na wageni wakala wakasaza.

Siku hizi niko kiwandani, mbali, nachonga nailoni mara kwa mara na ninaiachia nafasi ya kutanuka. Nimeapa sitawasha kitu mbele ya watu kabla hakijazunguka na kupata joto nikiwa peke yangu. Shangazi amezeeka, mashine yake ilishafungwa. Mashine zetu hapa hazikosei mdundo hata mara moja, na hakuna anayeimba. Natamani ile michi ipishane tena, na mtu anicheke.